Maji ya Kuombewa

Tawa, Makueni
2 Juni 2025

Mwanangu Mutanu,

Salamu katika jina la Bwana. Mimi ni mzima isipokuwa masikio, na hayo umeyazoea. Juzi ulipopiga simu nilisikia mzinga wa nyuki tu. Meseji nazo zina herufi ndogo, na nikimpa mtu anisomee, basi kijiji kizima kimesoma. Kwa hivyo tuendelee na karatasi. Hii nimempa Munyao wa lori la ndengu, anayepita hapo Kitui kila wiki.

Mbula hajambo. Mtoto wako ametimiza miaka minne na mdomo wa mtu wa arobaini. Mchana anashinda kwa jirani yetu Syokau pamoja na wale pacha wake, jioni anarudi kunihesabia makosa yangu. Amechukua jina la marehemu mama yako na ukali wake pia, kwa hivyo mimi bado niko chini ya Mbula.

Sasa habari yenyewe. Maji yametoka! Wenye mashine walichimba pale nyuma ya kanisa, mawe yakawashinda, wakahamisha kidogo, na yakatoka. Unajua nimekuwa mwenyekiti wa kamati ya maji tangu ukiwa darasa la tatu. Nimezeeka nikiandika barua za kuomba kisima. Akina mama walilia. Mimi pia, lakini nilisema ni vumbi.

Kamati imeamua yasinywewe kabla ya kuombewa. Chupa ya kwanza tumeijaza na kuifunga, na tunaituma kwako, kwa sababu chuo chako ndicho kinachotoa wachungaji wakubwa wote wa huku. Mpelekee mchungaji mkuu wa chuo aiombee, nawe uweke mkono wako. Kisha irudishe na Munyao tuimwage kisimani siku ya kufungua. Wazee wanasema: mwambie Pasta wetu asichelewe.

Baba yako,
Nthiwa

*

Kitui
9 Juni 2025

Mpendwa Baba,

Chupa imefika. Munyao aliniita getini akanikabidhi kwa mikono miwili, kofia kavua, mpaka askari akadhani ni dawa ya mgonjwa. Hongera, Baba. Nilipofika kwenye neno "yakatoka" ilibidi nikae chini. Natamani mama angeona.

Ila kuna kitu nimekisoma mara mbili. Pasta wetu ni nani? Unajua nasoma kemia. Huu ni mwaka wa tatu.

Si kwamba nimeshangaa sana, hapa kila mtu hukosea hivyo. Nikimtajia mwenye duka jina la chuo ananiomba nimwombee mguu. Wanafunzi wa theolojia wanajaza ukumbi. Sisi wa kemia ni watatu. Maabara yetu ilikuwa stoo ya viti vya kanisa la chuo, na viti havijakubali kuhama. Kukiwa na mkutano wa injili tunafungasha vyombo vyetu ili viti vipite. Kwaya ikifanya mazoezi hatuwezi kutumia mizani, ngoma zinaitikisa. Mwalimu wetu anatoka Machakos siku mbili kwa wiki, barabara ikimruhusu. Nimechoka, Baba. Masomo hayanichoshi. Kinachonichosha ni kueleza kila siku kwamba masomo yenyewe yapo.

Anayenishikilia ni Filsan, mwenzangu wa darasa. Kwao ni Garissa, watu wa kuuza mifugo, naye ni Muislamu kwenye chuo cha wachungaji. Anasema nyumbani wanamuuliza kama atarudi na hijabu au na kola ya mchungaji.

Mchungaji mkuu amesafiri, atarudi wiki ijayo. Chupa iko salama juu ya meza ya maabara. Mpe Mbula busu, na umwambie asikuhesabie sana.

Wako,
Mutanu

*

Tawa
15 Juni 2025

Mwanangu,

Hilo la Pasta ni langu. Usikasirike, nisikilize.

Ulipopata nafasi chuoni nilisimama kanisani nikataja jina la chuo. Kabla sijasema unakwenda kusomea nini, watu waliinuka wakapiga makofi. Mke wa Nyamai akaanzisha wimbo. Mchungaji akaja akanikumbatia akisema hatimaye Mungu ameikumbuka Tawa. Ningesema nini mbele ya wimbo? Nilikaa. Nikajiambia nitawaeleza Jumapili inayofuata. Jumapili iliyofuata walikuletea ile Biblia kubwa. Wewe ulidhani ni zawadi ya kila anayekwenda chuo.

Ukichunguza, sikusema uongo. Sikusema chochote. Lakini mwaka ukapita, na wa pili, na sasa wanakuita Pasta hata watoto. Nyamai, makamu wangu kwenye kamati, anasubiri nijikwae tangu zamani. Akijua nimelidanganya kanisa atasema hata kisima nilikidanganya.

Tufungue kisima kwanza, ni tarehe sita Julai. Baada ya hapo nitawaeleza polepole, watu wakiwa wameshiba maji. Wewe niletee chupa iliyoombewa tu. Usiandike neno kemia kwenye kitu chochote Munyao atakachokiona, maana yeye husoma hata magunia.

Baba yako,
Nthiwa

*

Kitui
23 Juni 2025

Baba,

Barua hii isome ukiwa peke yako.

Yale maji niliyapima. Haikuwa nia yangu. Tulikuwa na zoezi la kutafuta floraidi, na kila mmoja alitakiwa alete maji ya kwao. Filsan akauliza kama ile chupa iliyo mezani si ya kwetu. Nikamwambia chukua kidogo, Mungu hataona upungufu.

Floraidi ni madini yanayotoka kwenye mawe ya chini na kuingia katika maji. Ikiwa kidogo ni nzuri kwa meno. Yetu imezidi mara nne ya kiasi kinachokubalika kwa kunywa. Nilidhani nimekosea. Tulisafisha vyombo tukarudia, mwalimu akaja akapima mwenyewe, na jibu halikubadilika.

Hutaiona, Baba. Maji hayana rangi wala harufu, na ni matamu kuliko ya mto. Lakini mtoto akiyanywa kila siku, meno yake ya ukubwa yatatoka na madoa ya kahawia, yamemomonyoka. Akiendelea kwa miaka, mifupa inakakamaa. Wanaoumia zaidi ni walio chini ya miaka minane. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua na floraidi inabaki pale pale.

Na maombi, kwa kuwa najua utauliza. Mchungaji mkuu amerudi na ameiombea chupa kwa moyo wake wote. Nilikuwepo, nikaitikia amina, na nilimaanisha. Halafu nikapima tena. Filsan alinikataza, akasema huko ni kumjaribu Mungu, hata kwa dini yake. Ni vile vile.

Kisima hakijapotea. Mbuzi wanywe, nguo zifuliwe, matofali yapigwe, miche imwagiliwe. Ila maji ya kunywa na kupikia watoto yawe ya mvua, ya matangi kama letu. Wasio na tangi waendelee na ya mto na wayachemshe, hata kama ni mbali. Najua unachoniambia kuhusu Nyamai, na najua umesubiri kisima hiki miaka mingapi. Lakini waambie kabla ya tarehe sita. Nakuomba kama mtoto wako na kama mama wa Mbula.

Mutanu

*

Tawa
1 Julai 2025

Mwanangu Mutanu,

Barua nimeisoma peke yangu kama ulivyosema, na si mara moja. Chupa pia imefika.

Hayo ya maji niachie mimi. Usimpigie mtu simu, mambo ya kamati huanzia kwa mwenyekiti. Wewe soma.

Mbula anakusalimu. Amejifunza kupiga mluzi na sasa hakuna amani.

Nthiwa

*

Kitui
14 Julai 2025

Mpendwa Baba,

Asante. Sijui niseme nini zaidi. Wiki hiyo yote sikulala vizuri, na barua yako ilipokuja nililala mpaka Filsan akaja kuniangalia kama niko hai. Najua haikuwa rahisi kuwaambia watu waliosubiri maji hivyo kwamba watoto wao wasiyanywe. Hukunieleza walivyolipokea. Nyamai alisemaje?

Huku mambo si mazuri. Inasemekana sisi watatu tukimaliza, kozi ya kemia itafungwa, na stoo irudishiwe viti vyake. Wiki iliyopita niliitwa ofisini. Mama mmoja mpole sana aliniuliza kama ningependa kuhamia theolojia, maana nafasi zipo na wanahitaji wanawake. Akasema kwa sura yangu ningekuwa mchungaji mzuri. Nilicheka, halafu nikaenda kulia chooni. Wazia, Baba, wote mngekuwa mmesema kweli.

Nilikaribia kukubali. Nimechoka kuwa mgeni mahali ninapolala. Lakini nikakufikiria wewe, na masikio yako hayo, umesimama mbele ya kamati ukiwaambia jambo lisilopendeza kwa sababu ya karatasi niliyokuandikia kutoka kwenye stoo ya viti. Nikarudi nikamwambia yule mama kwamba nabaki.

Wako,
Mutanu

*

Tawa
3 Agosti 2025

Mwanangu,

Nimechelewa kujibu, ndengu zilikuwa uwanjani na mikono ni miwili tu.

Siku ya kufungua ilikuwa kubwa. Kwaya tatu zilikuja, moja kutoka Matiliku na sare mpya. Chupa yako ilimwagwa kisimani na watu wakashangilia. Mchungaji alihubiri habari za Musa na mwamba, akanitaja jina mara nyingi mpaka nikaona haya. Tangu hapo foleni haikatiki pale kisimani. Wanawake hawaendi tena mtoni alfajiri. Mke wa Nyamai aliniambia mgongo wake umepona bila dawa. Hata adui yako akikwambia hivyo, moyo unalainika.

Yale uliyoandika kuhusu mimi kusimama, usiyaseme tena. Mimi ni mtu wa kawaida. Ulifanya vizuri kubaki, ikiwa ndicho unachotaka.

Mbula amekua, gauni la Pasaka limefika magotini. Syokau ananicheka kwamba nimemdekeza, maana kila asubuhi anakwenda kwake akibeba kidumu chake cha maji kama mtu wa safari. Pacha wa Syokau nao wamenawiri tangu kisima kifunguliwe. Wana miaka mitano na wanakunywa kama ndama. Syokau ni mtu mwema, Mutanu. Simlipi chochote, na mtoto wako hajawahi kulala na njaa.

Mvua tunaitarajia Oktoba.

Baba yako,
Nthiwa

*

Kitui
11 Agosti 2025

Baba,

Niliisoma barua yako nikaiweka chini, nikaenda kufua. Niliporudi niliisoma tena, na kidumu bado kimo.

Mbula anakwenda kwa Syokau na maji ya tangi letu. Pacha wa Syokau wanakunywa ya kisima. Hukumwambia mtu. Uliniandikia niachie mimi, nami nikaelewa kwamba umesema. Nikakushukuru! Nikalala usingizi!

Kama hukuniamini ningeelewa. Nimezoea. Kila nikitaja chuo changu naona kwenye uso wa mtu kwamba kemia yangu ni ya kuchezea. Lakini wewe uliniamini, Baba. Kwa neno langu umempimia mjukuu wako maji kila asubuhi, kisha ukampeleka akashinde kwa mwanamke anayemlea bure, na wa kwake ukawaacha wanywe. Hilo sijui niliite nini. Nimejaribu kumwambia Filsan nikashindwa, nikamwambia naumwa kichwa.

Na ofisini niliwaambia nabaki kwa sababu yako.

Kwa hivyo nakwambia mapema, nisije nikakufanyia kwa siri. Nina namba ya Syokau. Uliniomba nisipige na sikupiga. Jumapili hii simama useme. Usiposimama, Jumatatu asubuhi nitampigia na kumwambia yote, hata ya kidumu. Mficha uchi hazai, wewe ndiye ulinifundisha.

Sina hata nguvu ya kukasirika. Nimechoka tu.

Mutanu

*

Tawa
20 Agosti 2025

Mwanangu Mutanu,

Nilisimama.

Wakati wa matangazo nilinyoosha mkono, na mchungaji akadhani ninataka kutangaza zamu za kisima. Nilisema maji yale si ya kunywa watoto. Nikaanza kueleza floraidi, ulimi ukakwama, nikatoa barua yako ya Juni nikawasomea pale palipo na meno na mifupa. Nyamai akauliza ni nani aliyepima. Nikasema binti yangu. Akauliza, Pasta? Nikasema Mutanu si pasta, hajawahi kusomea uchungaji, anasoma kemia, na mimi ndiye niliyewaacha mseme hivyo miaka yote.

Watu walicheka. Wangekasirika ningevumilia, lakini walicheka. Nyamai akasema tangu lini chuo cha mahubiri kikajua kupima maji, akataka yapelekwe Nairobi kwa watu wa sayansi. Wengi wakaitikia kwamba amesema vyema. Niliona uchungu kwa ajili yako, mwanangu. Mimi nimeonja kicheko hicho asubuhi moja, nawe unakula nacho kila siku.

Ingeishia hapo, na wangeenda kuyanywa siku hiyo hiyo. Lakini Syokau akasimama. Hakupaza sauti. Kanisa lilinyamaza kiasi kwamba hata mimi nilimsikia.

"Mzee, Mbula hukujanga kwangu na maji yake. Ni ya wapi?"

Nikasema ni ya tangi.

"Tangu lini?"

Nikasema tangu siku ya kufungua kisima.

Alikaa. Akawavuta pacha wake karibu, mmoja huku na mmoja huku. Hapo ndipo watu walipoamini, Mutanu. Barua yako waliicheka, na maneno yangu waliyacheka, lakini walipojua nilichomnywesha wa kwangu, hakuna aliyetaka tena habari ya Nairobi. Akina mama walianza kutoka na watoto wao kabla ya baraka. Mimi nilibaki nimesimama kwa sababu sikujua pa kukaa.

Uenyekiti nimeuacha kabla hawajaniondoa, Nyamai ameushika. Amekwisha kuweka kibao pale kisimani: ya mifugo na kufulia. Ameandika kwa mkono wake, na ameandika vizuri.

Jumatatu sikumpeleka Mbula kwa Syokau. Nilijua mlango huo nimeufunga mwenyewe. Nilikuwa namsonga nywele vibaya, naye akinikaripia, Syokau alipoingia uani na pacha wake na madumu mawili. Hakunisalimia. Alimshika Mbula mkono.

"Mtoto hana makosa," akasema. "Jaza."

Nilijaza. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaanza, akasema madumu ni mazito na jua linapanda. Nilimwandikia pia, nikaichana, maana yeye hatakuwa na haja ya karatasi zangu. Nimeamua nitamwambia nikiwa nimesimama mbele yake, siku atakayokubali kusimama.

Tangu siku hiyo wanakuja wote wenye watoto wadogo. Wengine wananisalimia, wengine wanaangalia mfereji wa tangi tu. Wote nawajazia. Nimelipima tangi kwa fimbo na halitafika Oktoba. Likiisha tutarudi mtoni, na Mbula atakunywa ya mto pamoja na wenzake. Nimekwambia ili usije ukashtuka. Mgongo unaniuma na jioni nalala kabla ya chakula, lakini nalala.

Kuhusu ile kozi yako. Uliwaambia ofisini kwamba unabaki kwa sababu nilisimama. Siku uliyosema hivyo nilikuwa sijasimama. Sasa nimesimama, mwanangu, ingawa ulinisukuma. Kama bado unaihitaji sababu hiyo, ichukue.

Baba yako,
Nthiwa